Katibu wa Tawi la Watafiti

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa mlangoni mwa jengo la sayansi la chuo kimoja hapa London, na katika miaka yote hiyo mtu niliyemtazama kuliko wengine wote ni Katibu. Nilimtazama akiingia na nikamtazama akitoka. Nilijua koti lake la mvua lina vifungo vingapi na kipi kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Bawabu huzoea kutazama watu, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini huyu sikumtazama kwa mazoea. Nilimtazama kwa sababu nilimwogopa.

Jina lake silitaji, kwani jamaa zake wapo, na nitakayoyasema si yote ya kumpamba. Wala sisemi alizaliwa mtaa gani wa Unguja au ni mtoto wa nani. Sisi tuliotoka kule baada ya Mapinduzi tulikuwa na maradhi hayo: hujamaliza kumwamkia mtu, umeshamuuliza ukoo wake, na jibu lake ndilo linaloamua kama utakunywa naye kahawa au utakumbuka kuwa una safari.

Ukatibu wake ulikuwa wa tawi. Ipo jumuiya ya heshima ya watafiti wa sayansi, yenye matawi katika vyuo vya nchi nyingi, na chuo chetu kilikuwa na tawi lake. Mtu haombi kuingia humo. Hupendekezwa na wanachama wawili walioiona kazi yake, kisha kamati hukaa, huipima kazi hiyo na kupiga kura. Akikubaliwa huandikiwa barua, hualikwa kwenye chakula, hutia saini katika daftari kubwa lenye jalada la ngozi, na mwisho jina lake hubandikwa ubaoni mbele ya kijumba changu cha kioo: jina, mahali alipozaliwa, na utafiti alioufanya. Na kanuni yao kubwa ni kwamba anayependekezwa asijue. Asijue lolote mpaka barua imfikie, ili akikataliwa asione haya mbele ya wenzake. Kwa hiyo kazi ya Katibu ilikuwa kuulizia watu nyuma ya migongo yao, kutia majibu ndani ya bahasha za kaki, na kuzifungia kabatini.

Haya nayajua sasa. Wakati ule nilichokijua mimi ni kupanga viti arobaini na kuchemsha birika la chai siku ya mkutano wao. Mengine niliyaona kwa macho tu: mtu wa kwetu, mpole, anayeuliza habari za watu na kuziandika.

Hakuwa profesa. Alikuwa fundi mkuu wa maabara ya ghorofa ya pili, msimamizi wa mizani na vyombo vya kioo. Waliwahi kumwingiza kwenye jumuiya kwa utafiti wake juu ya kutu inayokula chuma kilicho karibu na bahari, na baadaye wakampa ukatibu kwa sababu hakuna profesa aliyetaka kuandika barua zile zote. Aliandika kwa mkono wa kuvutia, herufi zimesimama kama watu kwenye safu ya swala. Na alikuwa mkweli kwa namna iliyokera. Siku moja nilimsikia mbele ya lifti akibishana na profesa mmoja mkubwa, ambaye mwanafunzi wake alikuwa ameandika kwamba kapima jambo mara kumi na mbili.

"Nimeliangalia daftari lake la maabara," Katibu alisema. "Mara kumi na moja ndizo zilizomo. Ya kumi na mbili aliipima nani?"

"Lakini ni kitu kidogo tu," profesa akasema.

"Basi kitu kidogo hicho akiondoe."

Profesa akawa mwekundu mpaka masikioni. Lifti ilipofika hakuipanda. Alipanda ngazi.

Nikasema moyoni, mtu anayeona kosa la namba moja katika daftari la mtu mwingine, basi huyu makosa yetu ameshayaona yote.

Wenzangu nao hawakunisaidia kumdhania mema. Alikuwepo Bwana Hemedi, kondakta wa basi, rafiki yangu tangu tulipofika nchi hii, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Mimi Katibu aliniambia anakaa Harrow. Hemedi yeye aliambiwa Stanmore. Ofisini pale chuoni hakuwa na anwani ila ya chuo chenyewe.

"Maalim," Hemedi aliniambia, maana mimi nafundisha watoto kusoma siku za Jumamosi na wote wananiita hivyo, "mimi kondakta bwana. Nayajua mashukio ya watu wote. Mwanamke akiwa mjamzito namjua kwa anavyoshuka. Huyu hana shukio. Leo hapa, kesho kule. Mtu mzima atakosaje shukio?"

"Labda anapenda kutembea kwa miguu."

"Kwenye mvua hii? Yakhe, hebu niache!"

Na kweli alikuwa na mambo yake. Alikula chakula chake cha mchana akiwa ameelekea mlango. Kiswahili alikisema kwenye ujia tu, kamwe si ndani ya chumba. Mara moja niliingia stoo ya mitungi ya gesi kutafuta ngazi nikamkuta anaswali, peke yake, ameweka koti lake la mvua chini. Nikangoja mpaka alipotoa salamu. Nikamuuliza kwa nini haji kuswali na sisi Ijumaa, tumekodi ukumbi mzuri tu, si mbali.

"Maalim," akanijibu huku anakung'uta koti, "nyinyi mkishaswali mnatazamana nani hakuja. Mimi nitawapa cha kuzungumza nikija na nisipokuja. Bora nisije."

Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ramadhani ilipoingia alikuwa akipita asubuhi ananiwekea mfuko wa tende kwenye dirisha la kijumba, hasemi kitu. Sikuzila. Mwenyezi Mungu anisamehe, tende za watu, za kufuturu. Nilimpa mwanamke wa Kikaribi aliyekuwa akifagia ghorofa za chini. Akazila mbele yangu, akalamba vidole, na hakufa wala hakuumwa tumbo. Kesho yake nikampa tena.

Mtu asiyejua mambo ya wakati ule ataniona nilikuwa na roho ndogo. Nilikuwa na kaka yangu, Masoud, aliyebaki Unguja. Barua zake zilinifikia bahasha zikiwa zimebandikwa gundi mara mbili, zimeshasomwa na wengine. Aliwahi kuitwa kuhojiwa kwa sababu tu jina lake lilitajwa hapa London, katika kikao cha watu wanaokunywa kahawa, na nani alilipeleka kule hatujui mpaka leo. Aliporudi nyumbani aliniandikia mstari mmoja: "Ndugu yangu, msinitajetaje." Tangu siku hiyo jina la Masoud halikutamkwa nyumbani kwangu mbele ya mgeni. Binti yangu Salma alikuwa mdogo tulipokuja, lakini hata yeye alijifunza kunyamaza.

Salma alikuwa akitafiti katika jengo lile lile, ghorofa ya tatu. Kazi yake ilikuwa juu ya ukungu unaoozesha mihogo iliyohifadhiwa. Watu walimcheka, mihogo London! Yeye mwenyewe akawa anasema kwa Kiingereza, kwani Kiswahili anakisikia chote ila akijibu hukimbilia huko, kwamba kuna watu wengi duniani wanaoishi kwa mihogo kuliko wanaoishi kwa keki. Nilijivunia. Bawabu anayemfungulia mlango mtoto wake kila asubuhi, na mtoto huyo anapanda kwenda kupima na kuandika pamoja na maprofesa. Kama hiyo si neema, basi sijui neema ni nini.

Ndipo siku moja ya Ramadhani, alasiri, Katibu akasimama mbele ya kioo changu, daftari mkononi.

"Masalkheri, Maalim."

"Masalkheri, Katibu."

"Yule binti yako, Salma. Amezaliwa Unguja, siyo?"

Nikahisi ulimi umekauka, na haukukaukia saumu. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Watu hawaulizi tu."

Alitabasamu. "Haya. Nauliza kwa sababu, lakini sababu yenyewe siruhusiwi kukwambia. Nakuomba mahali alipozaliwa. Na shule aliyoanzia kule. Na kama yuko mtu aliyebaki kule anayeweza kuthibitisha."

Msomaji, soma maneno hayo kwa masikio yangu ya siku ile. Sababu siruhusiwi kukwambia. Nani amebaki kule. Nilimwona Masoud amekaa kwenye kiti, mbele ya mtu mwenye daftari kama lile.

"Amezaliwa Mombasa," nikasema. "Huko ndiko alikoanza shule. Unguja hana mtu."

Katibu aliishika kalamu bila kuandika. Alinitazama muda mrefu.

"Mombasa. Una hakika, Maalim?"

"Nina hakika."

"Nakuuliza tena, kwa sababu nitakachokiandika ndicho kitakachosomwa. Mombasa?"

"Mombasa."

Akaandika polepole, akafunga daftari, akaniaga. Mimi nikafuturu siku ile nikiwa nimeridhika kwamba nimemlinda mwanangu na ndugu yangu kwa neno moja.

Sikuishia hapo. Nilimwambia Hemedi, na kumwambia Hemedi kitu ni sawa na kukitangaza garini. Muda si mrefu kukawa na hitma nyumbani kwa Hemedi, Harrow, na Katibu, ambaye haji popote, siku hiyo akaja. Alivua viatu, akatoa salamu, akaketi. Waliokuwa kulia kwake wakasogea, na wa kushoto wakakumbuka watoto wao wako jikoni. Mtu wa kahawa alimpita na dele lake mara mbili, asimtilie. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye, naona yote, na ningeweza kumwita akae kando yangu. Sikumwita.

Hemedi, kwa vile ni mwenye nyumba, akapata ushujaa. "Katibu, tuseme Kiingereza leo, au Kiswahili pia unaandika?"

Watu wakacheka chini chini.

"Naandika zote mbili, Hemedi," Katibu akasema. "Wewe sema polepole tu, nisikuharibie."

Akakaa mpaka dua ikaisha, akaitikia amin kama wengine, akavaa viatu vyake. Hakuja tena.

Mwezi uliofuata nilipewa orodha ya wanachama wapya niibandike ubaoni, na niliibandika kwa pini nne bila kuisoma. Mwishoni mwa mwaka nafasi ya utafiti aliyoitaka Salma alipewa kijana mmoja aliyekuwa kwenye orodha ile. Salma hakulalamika. Akaenda kufundisha sayansi sekondari huko Thamesmead, na huko yuko hadi leo, wanafunzi wake wanampenda, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini vitabu vyake vya ukungu alivitia kwenye sanduku, na sanduku hilo liko kwangu, juu ya kabati.

Nilikuja kuujua ukweli siku mwalimu wake, bibi mmoja wa Kiingereza, alipostaafu. Alipita kijumbani kuniaga, akaniambia kwa huruma kwamba alisikitika sana mwaka ule. Yeye na mwenzake walikuwa wamempendekeza Salma kwenye tawi. Kazi yake ilisifiwa na kamati nzima. Ila karatasi zake hazikukubaliana: chuo kilisema Unguja, na Katibu aliandika Mombasa. Na tawi lile, alisema, halimwingizi mtu ambaye hata mahali alipozaliwa pana maneno mawili. "Sijui kosa lile lilitoka wapi," akasema, akanipa mkono.

Nilijua mimi lilikotoka.

Nilikaa na jambo hilo miaka mingi kuliko inavyofaa. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba dhana mbaya ni dhambi, na kila nikilifikia somo hilo sauti yangu hushuka. Kumwambia Salma sikuthubutu. Kumwambia Katibu, alikuwa ameshastaafu. Na jambo lingine, niliukiri moyoni uongo wangu bila kuacha kumshuku yeye. Usiku na mchana nilijiuliza: alijua ni uongo, mbona aliuandika?

Mwaka jana nilisikia yuko katika nyumba ya kutunzia wazee, Stanmore. Nikamwambia Salma anipeleke kumjulia hali mtu niliyefanya naye kazi. Njiani sikumwambia zaidi. Nilikuwa nimekusudia aje na asikie, maana nilijijua, nikienda peke yangu nitarudi na siri ile ile.

Tulimkuta kitini karibu na dirisha, amekonda, shingo imezama ndani ya kola, lakini macho yale yale. Alimtambua Salma kabla yangu.

"Ukungu wa mihogo," akasema.

Salma akacheka kwa mshangao. Mimi nikaona nisipoanza sasa sitaanza tena. Nikasema yote, nimesimama, kama mtoto anayesoma ubao: siku ile, kioo, Mombasa, na hitma ya Harrow. Nikamwomba radhi Katibu. Kisha nikamgeukia mwanangu nikamwomba na yeye.

Salma akamwuliza Katibu, kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho sikumsikia akikisema miaka: "Wewe ulijua ni uongo?"

"Nilijua. Nilikuona ukiwa mdogo kule."

"Na ukaandika."

"Nilimuuliza mara tatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika nilichoambiwa. Ningeweza kufuta nikaweka Unguja, nani angejua? Nilikuwa na kalamu mkononi." Akavuta pumzi. "Nilimkasirikia baba yako. Nikajiambia hiyo ni kanuni."

"Kwa hiyo nyinyi wawili mlikaa mkaniamulia," Salma akasema. "Mmoja kwa hofu, mmoja kwa kanuni. Na mimi niko ghorofa ya tatu napima mihogo."



Katibu akanionyesha kiti. "Maalim, keti. Na mimi nina la kusema, na wewe utalipenda, ndiyo maana ni zito kwangu. Mwezi ule ule orodha ilipobandikwa alinijia mtu. Suti nzuri, maneno mazuri. Hakusema katumwa na nani. Akaniuliza watu wetu hapa wamefika wapi katika elimu. Nikampa majina mawili, yaliyokuwa ubaoni, na mahali walipozaliwa. Nikajiambia, si siri, kila anayeingia jengoni anayasoma."

"Na ningekuwemo kwenye orodha?" Salma akauliza.

"Yangekuwa matatu."

Nilikaa pale nisijue nimshukuru Mungu kwa uongo wangu au niendelee kuutubia. Miaka yote nilidhani kuna mmoja kati yetu aliyekuwa amekosea. Mtu niliyemdhania vibaya bila haki, kumbe dhana yangu ilikuwa na mguu wa kusimamia, na mguu huo haunifanyi mimi kuwa mkweli.

"Jamaa za wale wawili kule," nikasema, "yaliwapata yepi?"

"Sikuuliza," akasema Katibu. "Mimi niliyeuliza kila kitu. Hilo sikuuliza." Akanitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya kioo. "Nisamehe, Maalim."

"Mimi hukunitaja kwa mtu. Wale wawili ndio wa kuwaomba."

"Mmoja amekufa."

"Na wa pili?"

Wa pili yu hai, yuko na wanawe, si mbali na hapo. Katibu alisema angemwandikia zamani lau mikono yake ingemtii. Salma akafungua mkoba wake akatoa kalamu na daftari la shule, lile analosahihishia kazi za wanafunzi, akasogeza kiti.

"Sema," akamwambia. "Naandika unachosema. Siongezi, sipunguzi."

Katibu alimtajia jina la yule mtu, akatoa salamu za kuanzia barua, akauliza hali za watoto wa mtu huyo.

"Andika kwamba nilimtaja kwa mtu nisiyemjua. Andika kwamba sikulazimishwa."

Salma akaacha kalamu. "Hukulazimishwa kabisa?"

"Hapana, mwanangu. Aliniuliza kwa adabu."

Salma alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akainama akaandika.